Ukumbusho Ambao Mbaraka Hakuupanga

Naanza na kosa langu, halafu ndiyo tumfikie Mbaraka. Nikianza na Mbaraka nitajikuta nimelificha.

Mwaka jana nilikuwa TP kwenye shule moja ya sekondari ya kata, nafundisha jiografia kidato cha tatu. Mada ilikuwa kilimo cha mashamba makubwa, mfano wa kitabuni mkonge wa Tanzania. Kipindi cha saba, jua la Morogoro, Kiingereza changu na cha watoto vyote vimechoka. Mkaguzi hakuwepo siku ile, basi nikateleza kwenye Kiswahili. Nikawaambia kwamba wakata mkonge nao walikuwa watu wa Jumamosi, wakishapokea mshahara wanataka dansi, na mji wetu ulikuwa na dansi kubwa kuliko miji mingi nchini. Nikamtaja Mbaraka Mwinshehe. Kisha, kwa kujiamini kabisa, nikasema albamu yake bora ni Ukumbusho, ambayo aliingia studio kuirekodi miaka ya sabini.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, kama marehemu alikufa mwaka 1979, aliwezaje kujiwekea ukumbusho akiwa hai? Alijua kwamba atakufa? Darasa likacheka. Mimi nikajibu kwamba wasanii wakubwa wakati mwingine huona mbele. Kengele ikaniokoa, lakini nilijua nimedanganya, na yule kijana alikaa chini kama mtu aliyejua pia.

Kosa lile nililitoa chumbani. Mwenzangu wa hosteli hapa Mazimbu ni mtu wa rock, ile wanayoiita mbadala. Kwake albamu ni kitu kitakatifu. Ukimkuta anasikiliza OK Computer ya Radiohead, ya mwaka 1997, usimguse: anaanza wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio wake, kwa sababu bendi iliingia studio ikafikiria kila kitu, wimbo upi uanze, upi ufunge, jalada liweje. Akaniambia mwanamuziki asiye na albamu ya studio iliyopangwa hivyo hana kazi ya kuhesabiwa. Mimi nikaona katukana mji. Kwenye simu nilikuwa na folda niliyowekewa mjini na wale vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi, imeandikwa MBARAKA UKUMBUSHO. Nikamwambia albamu hii hapa. Nikaibeba hoja hiyo mpaka darasani.

Baada ya TP nikaamua kumtafuta Mbaraka mwenyewe.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz Band, kwa hiyo yeye na bendi iliyompa jina walikuwa rika moja. Morogoro wakati huo ni reli, soko, mkonge kuzunguka mji na milima ya Uluguru juu ya yote. Neno jazz lisikupoteze. Bendi nyingi za dansi zilijiita hivyo, ila masikio yao yalikuwa kwenye santuri za Cuba zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki, na baadaye kwenye magitaa ya Kongo. Upande wa pili wa mji alikuwepo Salum Abdallah na Cuban Marimba, na jina la bendi hiyo linakwambia wazi walikuwa wanasikiliza nini. Mji ukagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Upande wako ulijulikana kwa ukumbi unaokwenda Jumamosi.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza, lakini mji ulikuwa umepoteza nyota, na katika miaka hiyohiyo ya katikati ya sitini kijana Mbaraka akaingia Morogoro Jazz. Alianza na gitaa la rithim. Hii ni kazi ya mtumishi kwenye bendi: unashikilia mwendo, wengine wanang'aa. Haikuchukua muda akahamia solo, na hapo ndipo watu walipoanza kuitaja bendi kwa jina lake.

Niseme kidogo kuhusu gitaa hilo, maana wengi wetu tunamjua Mbaraka kama sauti ya redio ya babu na basi. Wimbo wa dansi wa wakati ule una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno: mtu anaeleza jambo lake, waitikiaji wanamwitikia, magitaa yanamsindikiza taratibu. Kisha maneno yanapungua na gitaa la solo linashika usukani, sasa ni zamu ya miguu. Mbaraka alikuwa anaziweza nusu zote mbili. Anaimba kwa utulivu, kama jirani anayekueleza shida yake kibarazani, na gitaa likija linaongea lugha ileile, noti moja moja, safi, bila haraka. Nimejaribu kumfundisha mwenzangu wa rock asikilize ile dakika gitaa linapochukua zamu. Safari ya tatu akatoa spika ya sikio moja, akanyamaza. Kwake hiyo ni sifa.

Mwaka 1970 Japani iliandaa maonyesho ya dunia mjini Osaka, na Morogoro Jazz ndiyo iliyokwenda kuiwakilisha Tanzania. Mbaraka alikuwa hajafika miaka 27. Wakarudi na wimbo wa safari hiyo, Expo 70. Fikiria vijana wa mji wa mkonge wamerudi kutoka Osaka, halafu Jumamosi wako jukwaani wanawasimulia watu wao kwa gitaa. Nyimbo zilikuwa magazeti. Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipopigwa risasi na mkulima siku ya Krismasi mwaka 1971, wakati ule wa kusukuma vijiji vya ujamaa, Mbaraka na wenzake walimtungia wimbo wa maombolezo. Siasa ya kijamaa, mapenzi, mashemeji, ulevi, vyote vilipita kwenye kalamu yake.

Halafu ukafika mwaka 1973, na hapa ndipo pa kusimama.

Mwaka 1973 Mbaraka aliihama Morogoro Jazz. Siku hizi msanii kuhama lebo ni posti moja ya Instagram. Kwa wakati ule, jaribu kuangalia bendi zilikuwa za nani. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya shirika. Bendi za aina ya Morogoro Jazz zilikuwa klabu, na vyombo vilikuwa vya klabu. Ukitoka, unatoka na vidole vyako tu. Magitaa, vipaza sauti, ngoma na lile jina vyote vinabaki nyuma. Mbaraka alikaribia miaka 30, ana umaarufu wa nchi nzima, akaenda kuanza upya na bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Volkano hapa Uluguru hatuna, hilo mtu wa jiografia lazima nilisahihishe, lakini jina lilikaa.

Super Volcano wakaja na mtindo wao. Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo uliotajwa kama beji: NUTA walikuwa na Msondo, hawa wakawa na Masika. Na kwenye Super Volcano ndipo alipotoa wimbo Shida, ambao kwa watu wengi ndiyo Mbaraka mwenyewe, ule ambao hata mtoto wa 2003 kama mimi anauimba bila kujua aliujulia wapi. Ulipendwa Tanzania, ulipendwa Kenya. Morogoro Jazz haikupata tena mtu wa kukaa kwenye kiti chake.

Sasa, studio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliweza kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wote chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja mpaka mwisho. Akikosea mmoja, mnarudia wote. Kanda ile ilikuwa ya kurushwa hewani. Ukitaka santuri ambayo mtu atanunua akapige kwake, njia ilikwenda Nairobi, kwenye kampuni na mitambo. Nyimbo za Mbaraka zilitoka huko kwa lebo ya Polydor.

Nilionyeshwa moja. Kuna babu mmoja anatengeneza redio Mji Mpya. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kisa cha yule kijana darasani, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniita mjukuu wake na kutoa kwenye boksi santuri ndogo, ile ya kuzunguka mara 45 kwa dakika, ina tundu kubwa katikati. Nilidhani upande wa pili kuna wimbo mwingine. Hapana, wimbo ni uleule. Upande huu sehemu ya kwanza, unageuza, sehemu ya pili. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, kwa hiyo unasikiliza maneno, unanyanyuka kwenda kugeuza, ndipo unapata gitaa. Babu anasema nyumbani kwao kazi ya kugeuza ilikuwa yake kwa sababu alikuwa mdogo, na mpaka leo wimbo ukifika katikati mkono wake unataka kunyanyuka.

Hivyo ndivyo Mbaraka alivyotoka duniani, wimbo mmoja, santuri moja. Watu walimpokea hivyo pia, mwezi huu huu, mwezi ule ule.

Tarehe 12 Januari 1979 alifariki Mombasa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977, Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin, na nyota ya Morogoro inafia pwani ya Kenya. Ajali ya gari, kama Salum Abdallah miaka 14 kabla yake. Mji huu umewapoteza kwa namna moja wote wawili walioushindanisha.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja Ukumbusho. Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zilizokwishatoka, ikazitoa kwenye santuri kubwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, zote kwa jina hilo. Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi kabisa. Mtu hajiwekei ukumbusho. Waliobaki ndio walioipa jina na kuupanga mfuatano wake.

Siwalaumu. Bila santuri zile huenda nyimbo nyingi zisingefika kwenye kaseti, kutoka kaseti kwenda CD, kutoka CD kwenda memori kadi yangu. Lakini kuna jambo moja lililonikera nilipolijua. Ukumbusho inachanganya nyimbo za Morogoro Jazz na za Super Volcano. Kwenye folda yangu zilikuwa zimepangana kama ndugu wa tumbo moja, na juu kuna jina moja tu, Mbaraka. Ule uamuzi wa 1973, mkubwa kuliko yote aliyoufanya, haupo. Ukisikiliza hivyo unadhani aliishi maisha marefu yaliyonyooka, na bendi moja, gitaa moja. Albamu imemrudisha kwenye nyumba aliyoihama.

Mwenzangu wa rock anabisha. Anasema kumbe nimekubali hoja yake, Mbaraka hana albamu. Mimi nasema tunapimana kwa rula mbili tofauti. Radiohead walipewa muda wa studio na kampuni iliyosubiri albamu nzima. Mbaraka alipanga mpangilio wake kila Jumamosi, ukumbini, akiangalia miguu ya watu ndipo aamue wimbo unaofuata. Mpangilio huo ulikuwepo, ila hakuna aliyeurekodi. Bado tunabishana, taa zimezimwa mara mbili tukiwa kwenye hoja hiyo.

Kitu kingine, nakitaja tu kwa sababu tunaishi humu. Mbaraka alipofariki Januari 1979, kampasi yetu ilikuwa shamba la mkonge lililokwisha kazi, ambalo ANC ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1977. Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, akiwa na miaka 22, umri wangu, na shule iliyokuwa inajengwa hapa ikapewa jina lake. Yeye ana jina kwenye geti tunalopita kila siku. Mbaraka kwa wengi wetu ni folda.

Folda hiyo nimeivunja. Nimetengeneza mbili: moja Morogoro Jazz, mwisho 1973; nyingine Super Volcano, mwisho Januari 1979. Kuna nyimbo tatu sikuwa na hakika zikae wapi, nikarudi Mji Mpya. Babu akafumba macho, akasikiliza gitaa kwanza, akazigawa kwa dakika kumi.

Mwezi wa saba tunakwenda TP ya pili. Nimeomba shule ileile. Yule kijana atakuwa kidato cha nne, na swali lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la maandalio, juu ya mada ya kwanza.