Yeats: Mshairi aliyeifufua miungu ya kale ya Ireland

SEPTEMBA 17, 1948, meli ya kivita ya Ireland ilifika Galway ikiwa na jeneza lililotoka Ufaransa. Meli hiyo iliitwa Macha, jina la mungu wa kike wa Wakelti wa kale. Jeneza lilikuwa la William Butler Yeats, mshairi aliyeirejesha miungu hiyo vinywani mwa watu.

Yeats alizaliwa Juni 13, 1865, Sandymount, Dublin, mtoto wa mchoraji. Alikulia kwa kiasi kikubwa London, lakini likizo alikwenda Sligo, kwao mama yake. Huko alisimuliwa habari za Sidhe, viumbe wakaao ndani ya vilima, ambao wahenga waliwahesabu kuwa miungu iliyoshindwa vita ikajificha chini ya ardhi.

Ireland ilikuwa ikitawaliwa na Uingereza na lugha yake ilikuwa ikififia. Yeats mwenyewe hakuimudu, akategemea tafsiri na masimulizi. Mwaka 1893 alichapisha The Celtic Twilight, kitabu cha visa vya vijijini.

Desemba 27, 1904, yeye na Lady Gregory walifungua ukumbi wa Abbey Theatre jijini Dublin. Usiku huo ilichezwa tamthilia yake kuhusu Cuchulain, shujaa anayemuua mwanawe pasipo kumtambua, kisha akapigana na mawimbi ya bahari.

Mwaka 1889 alikutana na mwanaharakati Maud Gonne. Alimposa mara kadhaa, akakataliwa kila mara. Mwaka 1902 Maud aliigiza katika tamthilia ya Cathleen ni Houlihan, akiwa bibi kizee anayewakilisha Ireland, ambaye hurudia ujana vijana wanapokubali kumfia. Mwaka uliofuata aliolewa na John MacBride.

Mwaka 1916 Dublin iliasi. MacBride alikuwa miongoni mwa waliouawa kwa kupigwa risasi. Uzeeni Yeats alijiuliza iwapo tamthilia yake ndiyo iliyowapeleka vijana hao kaburini.

Ireland ilipojitawala aliteuliwa seneta mwaka 1922, na mwaka 1923 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliongoza pia kamati iliyochagua sarafu za mwaka 1928, zilizochorwa samaki, farasi na fahali badala ya sura za watawala.

Afrika nayo ilimsoma. Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, inayojulikana kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, ilipata jina lake la Kiingereza kutoka katika shairi la Yeats.

Alifariki Ufaransa Januari 28, 1939, akiwa na miaka 73, muda mfupi baada ya kuandika tamthilia kuhusu kifo cha Cuchulain. Vita vya Pili vya Dunia vikachelewesha kurejeshwa kwake.

Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2015 zilizidisha shaka kuhusu mabaki yaliyosafirishwa, kwani kaburi lake la kwanza lilikuwa limefukuliwa na mifupa kuchanganywa na ya wengine.

Serikali iliyoyapokea iliwakilishwa na Waziri wa Mambo ya Nje, Seán MacBride, mtoto wa Maud. Yalizikwa Drumcliff, Sligo, chini ya mlima Ben Bulben, katika nchi ya hadithi alizosimuliwa utotoni.