Bob Simmons: Mwanahesabu aliyeipunguzia uzito mbao za mawimbini

Watelezaji wa mawimbi wa California, Hawaii na Australia leo husimama juu ya ubao mwepesi, ambao kwa kawaida ndani yake ni povu la plastiki na nje umefunikwa kwa faibaglasi. Mtu mzima huubeba kwapani kwa mkono mmoja. Miaka ya 1930 ubao wa namna hiyo haukuwepo. Miongoni mwa mafundi walioufanya uwezekane, ni wachache wanaobishaniwa hadi leo kama Bob Simmons, Mmarekani aliyefariki mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 35 tu.

Maradhi na ajali

Robert Simmons alizaliwa Los Angeles, katika jimbo la California, mwezi Machi mwaka 1919. Alipokuwa kijana aliota uvimbe kwenye kifundo cha mguu, ukawatia madaktari hofu ya kuukata mguu huo. Mguu ulinusurika, lakini msiba wa pili ulikuwa njiani. Aligongana na gari akiwa juu ya baiskeli, kiwiko cha mkono wa kushoto kikaharibika, na mkono ukabaki umepinda hadi mwisho wa maisha yake. Alipokuwa amelazwa hospitalini ndipo mgonjwa mwenzake alipomsimulia habari za mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi.

Simmons aliacha shule ya sekondari kabla ya kuhitimu. Hata hivyo, uwezo wake katika hesabu ulimwezesha kuingia Caltech, taasisi maarufu ya sayansi na teknolojia iliyoko Pasadena. Baadaye alifanya kazi za ufundi wa mashine na za hesabu katika viwanda vya ndege. Wenzake walisimulia kwamba mawimbi yalipokuwa mazuri aliiacha kazi na kwenda pwani, na yalipotulia akarudi kutafuta kibarua kingine.

Ubao mzito kwa mkono mmoja

Mbao za zama hizo zilichongwa kutoka gogo gumu au kwa kuunganisha vipande vya mbao nyekundu za California na mbao laini za balsa. Uzito wa kilo 35 au 40 ulikuwa jambo la kawaida. Tom Blake, fundi na mwogeleaji aliyetangulia, alikuwa amebuni ubao wenye uwazi ndani, akapewa hataza mwaka 1932. Mwaka 1935 akawa wa kwanza kuweka pezi chini ya ubao. Ubao wa Blake ulikwenda kasi katika mstari ulionyooka na ulikuwa mwepesi zaidi, lakini uliingiza maji na ulikuwa mgumu kugeuza kwenye uso wa wimbi lenye mwinamo mkali.

Kwa Simmons uzito ulikuwa kikwazo kikubwa. Ilimbidi aubebe ubao juu ya mchanga na kupiga maji kwa mikono hadi kwenye mawimbi, na mkono wake mmoja haukunyooka. Kamba ya kufunga ubao mguuni ilikuwa bado haijabuniwa. Ilienea katika miaka ya 1970. Aliyeanguka aliufuata ubao wake kwa kuogelea, wakati mwingine mpaka ufukweni, kisha akaanza safari upya.

Ufundi wa kuchonga aliupata kwa Gard Chapin, mtelezaji hodari wa California aliyekuwa na karakana ya milango ya gereji. Alianza kwa kutumia randa na msasa kama mafundi wengine, akipunguza mbao hapa na pale. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aligeukia njia tofauti, yaani hesabu.

Elimu ya mashua za mwendo kasi

Mwaka 1946 Lindsay Lord, msanifu wa vyombo vya majini, alichapisha kitabu kuhusu maumbo ya mashua zinazopaa juu ya maji. Mashua ya kawaida husukuma maji pembeni inapokwenda. Mashua ya mwendo kasi yenye kitako kipana na bapa huinuliwa na maji yenyewe, ikateleza juu yake badala ya kuyakata. Lord alionyesha kwamba uwiano kati ya upana na urefu wa kitako ndio unaoamua ni kwa wepesi gani chombo kitainuka, na kwamba chombo chembamba mno hupoteza nguvu nyingi.

Simmons aliona kwamba ubao wa mawimbini ni mashua ya aina hiyo, isipokuwa injini yake ni mteremko wa wimbi. Akachonga mbao pana, zenye tezi pana karibu na mkato ulionyooka, omo lililoinuka kama kijiko ili lisizame, na kingo zilizopunguzwa unene. Baadhi ya mbao zake za mwisho zilikuwa na mapezi mawili mafupi, moja kila upande wa tezi, kwa kuwa tezi pana yenye pezi moja katikati iliteleza ovyo pembeni.

Vita vilikuwa vimeacha pia malighafi mpya. Faibaglasi na gundi ya plastiki, vilivyotumika katika zana za kijeshi, vilianza kupatikana kwa raia. Simmons alivitumia kuzuia maji yasipenye. Mnamo mwaka 1949 alitengeneza mbao zenye povu la plastiki katikati, plaiwudi nyembamba juu na chini, na balsa kwenye kingo. Mbao hizo zilikuwa na karibu nusu ya uzito wa zile za zamani.

Mafundi watatu, mbao mbili

Katika karakana ya Santa Monica Simmons alishirikiana na vijana wawili, Joe Quigg na Matt Kivlin. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa.

Mwaka 1947 Quigg alikuwa amechonga ubao kwa ajili ya Darrilyn Zanuck, binti wa mtayarishaji filamu wa Hollywood. Uliagizwa uwe mwepesi kwa sababu mtumiaji alikuwa msichana. Wanaume walipouazima huko Malibu waligundua kwamba uligeuka kwa urahisi kuliko mbao zao wenyewe. Quigg na Kivlin wakaendelea na njia hiyo: tezi nyembamba zaidi, chini kuliko na mviringo kidogo kutoka omo hadi tezi, na pezi moja.

Tofauti ilionekana majini. Ubao wa Simmons uliingia katika wimbi mapema na kukimbia kwa mstari ulionyooka mbele ya povu, kwa kasi iliyowashangaza waliouona. Ulipotakiwa kukata kona ulisita. Ubao wa Quigg na Kivlin haukuwa na kasi hiyo, lakini ulimtii mtelezaji, ukapanda na kushuka kwenye uso wa wimbi. Wanunuzi wengi waliupenda huo wa pili, na ndio uliokuja kuitwa ubao wa Malibu. Simmons, mtu mpweke na mkali wa maneno, hakukubali kwamba kasi ipunguzwe kwa ajili ya kona. Baada ya muda mafundi hao walitengana, naye akahamishia majaribio yake kusini, upande wa San Diego.

Kifo Windansea

Tarehe 26 Septemba mwaka 1954 Simmons aliingia majini Windansea, ufukwe wa La Jolla wenye miamba na mawimbi yenye nguvu. Aliangushwa na wimbi na hakuibuka tena. Mwili wake ulipatikana siku tatu baadaye. Inaaminika kwamba aligongwa kichwani na ubao, ambao katika zama hizo zisizo na kamba ulirushwa na wimbi popote.

Hesabu iliyorudi

Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake ilionekana kana kwamba Quigg na Kivlin walikuwa wameshinda. Mbao ndefu zenye pezi moja zilitawala, na mwishoni mwa miaka ya 1950 povu la plastiki lilichukua nafasi ya balsa.

Kisha mwaka 1967, huko huko San Diego, kijana Steve Lis alichonga ubao mfupi na mpana, wenye tezi iliyopasuka kama mkia wa samaki na mapezi mawili. Upana na mapezi hayo yalikuwa ya Simmons, ila sasa katika ubao mfupi ambao uliweza kugeuka. Mwaustralia Mark Richards alitumia mapezi mawili kutwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Mwaustralia mwingine, Simon Anderson, aliongeza pezi la tatu katikati ili kuzuia ubao usiteleze pembeni, na umbo hilo la mapezi matatu lingali likitumika zaidi katika mashindano.

Wanaoandika historia ya mchezo huo bado hawakubaliani ni nani apewe jina la baba wa ubao wa kisasa. Wako wanaomtaja Quigg kwa sababu ubao wa leo, kama wake, hugeuka. Wengine humtaja Simmons kwa sababu ndiye aliyeeleza kwa hesabu kwa nini ubao huinuka na kukimbia. Mafundi wengi wanaochonga mbao za mashindano hufanya kazi kati ya wawili hao: kila wanapopanua tezi wanapata kasi, na kila wanapoipunguza wanapata kona.