Röntgen, mtu aliyefungua kifua bila kisu

Ukiwa na kikohozi cha majuma mengi, munganga anaweza kukutuma upige radio. Si radio hii yetu. Ni ile picha ya kifua inayoonyesha mapafu bila kukupasua. Aliyetufungulia njia hiyo ni Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa mwaka wa 1845 mjini Lennep, akakomalia Uholanzi. Huko Utrecht walimfukuza masomo juu ya picha ya kuchekesha mwalimu. Si yeye aliyeichora, lakini alikataa kumtaja mwenzake. Zurich, katika inchi ya Uswisi, ndiko walimpokea, na mwaka wa 1869 akapata udaktari.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, alikuwa anapitisha umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chupa ilifunikwa na karatasi nyeusi, lakini pembeni kibao kilichopakwa kemikali kikaanza kung'aa. Akajua kuko miale isiyoonekana. Akaiita X, sababu hakujua ni kitu gani. Tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa bibi yake, Anna Bertha: mifupa na pete vikatokea wazi.

Mbele ya hapo, waganga waligonga kifua na kusikiliza tu. Mapafu yamejaa hewa, na miale inapita hewa kirahisi, kwa hiyo kwenye picha yanatoka meusi. Mifupa inaizuia, inatoka myeupe. Pale kifua kikuu ao nimonia imeshika, mara nyingi panatokea alama nyeupe. Leo skana inatumia miale ileile kutoka pande nyingi, kompyuta inaunganisha picha, na hata njia za hewa zilizobanwa zinaonekana.

Mwaka wa 1901 alipata tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Zile pesa aliachia chuo kikuu cha Würzburg. Alikataa pia kuandikisha uvumbuzi wake ili auuze: kila fundi alikuwa huru kutengeneza mashini. Nyuma ya vita vya 1914-1918 pesa ya Ujerumani ilianguka, na akiba yake ikaisha. Alikufa Munich tarehe 10 Februari 1923, kwa kansa ya matumbo.

Leo mgonjwa anapoambiwa ashike pumzi mbele ya mashini, analipia vifaa, umeme na kazi. Kwa jina la Röntgen hadaiwi hata franka moja.