La Fontaine na Wanyama Wake

Watoto, jioni kando ya moto mmesikia mara nyingi hadithi za Sungura, na kwa Waluba hadithi za Kabundi mwerevu. Watu wa Ulaya nao walikuwa na hadithi za namna ile. Leo tutasoma habari za mtu aliyezipenda kuliko wote.

Jina lake Jean de La Fontaine. Alizaliwa mwaka 1621 katika Château-Thierry, mji mdogo wa Ufaransa, kando ya mto Marne. Baba yake alikuwa msimamizi wa mito na misitu, na kazi yake ilikuwa kuangalia watu wasikate miti ovyo. Baadaye Jean mwenyewe akairithi kazi ile, lakini hakuifanya kwa bidii. Alipokwenda porini alipenda zaidi kutazama viumbe na kuota ndoto zake.

Alipokaribia miaka 20 akaenda Paris kwa mapadri wa Oratoire, akitaka kuwa padri. Lakini vitabu vya mashairi vilimvuta kuliko vitabu vya dini. Baada ya mwaka mmoja na nusu akatoka. Akasoma sheria. Mwaka 1647 akaoa msichana wa miaka 14, jina lake Marie Héricart, wakazaa mtoto mmoja mwanamume. Ndoa ile haikuwa na heri. Jean alikuwa na moyo mwema, lakini mambo ya nyumba hayakumshughulisha. Mwishowe akakaa Paris, akawaacha mke na mtoto huko kwao. Katika jambo hili hatumsifu.

Siku zile alikuwako mkubwa mmoja aitwaye Nicolas Fouquet, mtunza fedha za mfalme. Alikuwa tajiri sana, akawapa chakula na fedha watunzi wengi, na La Fontaine pia. Mwezi wa Agosti 1661 Fouquet akamkaribisha mfalme Louis wa 14 katika jumba lake jipya la Vaux. Ilikuwa karamu ambayo watu hawajapata kuiona: chemchemi zikirusha maji juu, muziki, fataki za moto usiku. Mfalme akaona wivu, tena akadhani kwamba fedha zake ndizo zilizojenga nyumba ile. Kabla ya majuma matatu kupita Fouquet akakamatwa na askari.

Basi jana nyumba ilijaa rafiki, leo wengi hawamjui tena! La Fontaine hakuwa na cheo kikubwa, wala nguvu, wala fedha. Alikuwa na kalamu tu. Akatunga shairi la kumwomba mfalme amhurumie mtu aliyeanguka. Mfalme hakukubali. Waamuzi walimhukumu Fouquet afukuzwe katika nchi, lakini mfalme akaifanya adhabu iwe kubwa zaidi, akamfunga mpaka kufa kwake mwaka 1680. Mwanga wa mfalme ule uliwapendeza wengi, lakini haukumwangaza La Fontaine kwa miaka mingi.

Mwaka 1668 akatoa kitabu cha hadithi za wanyama, hadithi 124 za mashairi, akakitoa kwa heshima ya mtoto wa mfalme, aliyekuwa na miaka 6. Mifano yenyewe hakuitunga yote kwa akili yake. Mingi ilitoka kwa Esopo wa Ugiriki ya zamani, na baadaye mingine kwa Pilpay, mwenye hekima wa Bara Hindi. Lakini yeye aliwapa wanyama sauti mpya. Kwake simba anena kama mfalme, na mbweha kama mtu wa baraza ya mfalme.

Fikirini habari ya kunguru. Amekaa mtini na jibini mdomoni. Mbweha anamsifu kwamba sauti yake lazima ni nzuri kama manyoya yake. Kunguru afungua mdomo aimbe, jibini laanguka, mbweha alichukua. Mwanafunzi mwenye kalamu mpya aona mambo kama haya kila mwaka: mwenzake amsifu asubuhi, na jioni kalamu haipo.

Habari nyingine ni nzito. Mwana-kondoo anakunywa maji mtoni. Mbwa-mwitu, aliye upande wa juu, amshtaki kwamba amechafua maji yake. Mwana-kondoo ajibu vizuri, kwa adabu, akionyesha kwamba maji hayapandi mlima. Haki yote ni yake. Hata hivyo analiwa.

Na katika kitabu cha 1678 tauni yawaua wanyama. Simba aita baraza, kila mmoja aungame kosa lake. Simba amekula kondoo wengi, hata mchungaji, wote wanamsamehe. Wengine wenye meno wasamehewa vivyo hivyo. Mwisho punda aungama kwamba alikula majani kidogo, upana wa ulimi wake, katika shamba la watawa. Wote wapiga kelele: ndiye mwenye kosa! Wakamwua. Mwandishi wa hadithi hii alikuwa ameona kwa macho yake jinsi wakubwa wanavyohukumu.

Ajabu yake ni hii. Hadithi ya kwanza ya kitabu ni ile ya sisimizi mwenye akiba na nyenje aliyeimba tu wakati wa joto; na La Fontaine mwenyewe aliishi kama nyenje. Mwaka 1676 aliiuza hata nyumba aliyozaliwa, apate kulipa madeni. Bwana mwenye hekima ya wengine! Mama mmoja mwema, bibi de La Sablière, alimpa chumba na chakula kwa miaka 20 hivi. Mwaka 1684 akapokelewa katika Akademia ya Ufaransa.

Alikuwa ameandika pia hadithi nyingine zisizo na adabu, zikakatazwa kuuzwa mwaka 1675. Alipougua sana, padri kijana aitwaye Pouget akaja kuongea naye siku nyingi. Mwezi wa Februari 1693, mbele ya wajumbe wa Akademia, mzee akazikataa hadithi zile, akapokea Komunyo. Akapona, akaishi miaka miwili tena.

Alikufa Paris tarehe 13 Aprili 1695. Walipomvua nguo wakaona amevaa chini yake vazi la manyoya makali, la kutubu, ambalo hakumwonyesha mtu.