Mutara Rudahigwa, Mfalme Aliyemkabidhi Kristu Nchi Yake

Rwanda ni nchi ya milima iliyo mashariki ya ziwa Kivu. Kwa karne nyingi ilitawaliwa na wafalme wa ukoo mmoja, na alama ya enzi yao ilikuwa ngoma kuu iitwayo Kalinga. Mwezi wa Machi mwaka 1911, mfalme Yuhi Musinga alipata mtoto mwanamume kwa mkewe Kankazi, naye akaitwa Rudahigwa. Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha kufika nchini, wakajenga misioni ya kwanza pale Save mwaka 1900. Lakini Musinga hakutaka dini yao, wala hakupenda kuamriwa na wageni katika nchi ya baba zake.

Rudahigwa alisoma katika shule ya wana wa wakubwa huko Nyanza. Mwaka 1929 akapewa kutawala jimbo la Marangara, karibu na misioni ya Kabgayi. Na hapo alizoeana na mapadre.

Mfalme wa watu wawili

Tarehe 12 Novemba 1931 serikali ya Wabelgiji ilimwondoa Musinga katika ufalme, na Askofu Léon Classe alikuwa ameliunga mkono jambo hilo. Siku nne baadaye Rudahigwa akasimikwa mahali pa baba yake, akapewa jina la Mutara wa Tatu. Alikuwa kijana wa miaka 20. Musinga alipelekwa Kamembe, kisha mwaka 1940 akavushwa ziwa Tanganyika hadi Moba, katika nchi ya Katanga. Huko alikufa mwaka 1944, bila kubatizwa, mbali na makaburi ya wazee wake.

Basi kijana yule aliketi katika kiti kigumu. Wabelgiji walimtaka awatii. Watu wake walimtaka awe Mwami kama wale wa zamani. Tena baba yake alikuwa hai uhamishoni.

Maji ya ubatizo

Rudahigwa alijifunza katekisimu kwa miaka mingi. Ndoa yake ya kwanza, ya mwaka 1933, haikuwa na mtoto, nayo ikavunjika. Mwaka 1942 alimwoa Rosalie Gicanda, binti Mkristu. Mwaka 1943 njaa kali iliyoitwa Ruzagayura iliiangukia nchi, watu wengi mno wakafa. Ndipo katika mwaka huo wa machozi, tarehe 17 Oktoba, mfalme alipobatizwa na Askofu Classe, pamoja na mama yake mzazi. Akaitwa Charles Léon Pierre.

Hata kabla ya siku hiyo, watu walipoona mfalme anaelekea misioni, walianza kuja kwa maelfu kuomba mafundisho. Makatekista hawakutosha, makanisa yakajaa hadi nje. Tarehe 27 Oktoba 1946, mbele ya umati mkubwa, mfalme aliiweka nchi yake yote chini ya Kristu Mfalme. Mwaka uliofuata Papa Pio XII akamtunukia nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu.

Kamba ya ng'ombe

Tendo lake kubwa katika mambo ya nchi lilihusu ng'ombe. Tangu kale palikuwa na desturi iliyoitwa ubuhake. Mtu asiye na kitu alikwenda kwa bwana mwenye mifugo, akapewa ng'ombe. Maziwa aliyanywa, lakini ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya bwana. Naye alilipa kwa kulima, kujenga ua, kulinda usiku na kumfuata bwana wake safarini. Bwana akikasirika, aliwarudisha ng'ombe wote, na mtu yule akabaki mikono mitupu. Mtoto alirithi utumishi wa baba yake. Kwa kamba hiyo wengi walifungwa, Wahutu hasa, na Watutsi maskini pia.

Tarehe 1 Aprili 1954 Mutara alitoa amri ya kuifuta desturi hiyo. Ng'ombe wakagawanywa: kwa kawaida mafungu mawili kwa mtumishi, fungu moja kwa bwana. Wakubwa wengi hawakufurahi, maana heshima yao ilihesabiwa kwa watumishi wao. Lakini malisho hayakugawanywa. Mtu alipata ng'ombe wake, asipate mahali pa kumlisha, akalazimika kurudi kwa bwana yule yule kuomba majani.

Mwaka 1957 Wahutu waliosoma walieleza kwa maandiko malalamiko yao juu ya ardhi, shule na vyeo. Mwezi wa Juni 1958 Baraza Kuu la nchi lilikana kwamba kuna shida baina ya Wahutu na Watutsi, na mfalme akalikubali neno hilo. Hapo ndipo alipokosa. Mkono uliokata kamba ya ng'ombe haukuthubutu kugusa kidonda chenyewe.

Kifo na yaliyofuata

Tarehe 25 Julai 1959, alipokuwa Bujumbura, Mutara alikufa ghafula baada ya kumwona mganga wa Kizungu. Alikuwa na miaka 48, wala hakuacha mtoto. Watu wengi walishuku kwamba ameuawa. Siku tatu baadaye alizikwa katika kilima cha Mwima, na hapo kaburini Ndahindurwa, ndugu yake kwa baba, akatangazwa mfalme. Mwezi wa Novemba nyumba zikaanza kuchomwa moto. Mwaka 1961 ufalme ukakoma. Malkia Rosalie aliishi mjane katika mji wa Butare hadi Aprili 1994, alipouawa pamoja na Watutsi wengi mno wasio na hatia. Miongoni mwa wauaji wa siku zile walikuwamo wabatizwa wengi.

Kila anayefundisha katekisimu na ayatafakari maisha haya. Mfalme huyu alitenda mema, na ubatizo wake uliwavuta watu wasiohesabika. Lakini mtu aweza kuingia majini akimfuata mfalme wake, asimfuate Kristu. Nchi yaweza kukabidhiwa kwa siku moja, mbele ya maaskofu na ngoma. Moyo hukabidhiwa kila siku, pale mtu anapomtazama jirani yake na kumwita ndugu. Asiyefanya hivyo, maji yamemlowesha kichwa tu.