Mtakatifu Augustino: Jeraha la Mapenzi Haliponywi kwa Mapenzi Mengine



Katika mtaa kama Tassia watu huamka gizani. Mume anashika barabara ya Outering kuelekea Eneo la Viwanda, mke anapanda matatu kwenda mjini, nao hukutana tena usiku wakiwa wamechoka na watoto wamelala. Saa nyingi za siku tunakaa na wenzetu wa kazi. Ndiyo maana urafiki wa kunywa chai pamoja kazini huweza kugeuka mapenzi, hata kwa watu waliofunga ndoa kanisani.

Siku moja mapenzi hayo huisha. Mmoja amehamishwa, au dhamiri imemsuta, au mambo yamegunduliwa nyumbani. Juu ya dhambi yenyewe tumesikia mahubiri mengi. Lakini juu ya yule aliyekwisha kuacha, anayerudi nyumbani na moyo uliopasuka wala hawezi kulia mbele ya mtu, tunasema machache. Leo tumtazame Mwafrika mwenzetu aliyeyajua maumivu hayo.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo. Baba yake, Patricius, hakuwa bado Mkristo. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Kijana huyu alikuwa na akili kali, akapelekwa Karthago kusoma. Huko, kabla hajafikisha miaka 20, alianza kuishi na mwanamke bila ndoa. Wakapata mtoto wa kiume, Adeodato, jina lenye maana kwamba ametolewa na Mungu. Kwa zaidi ya miaka 10 Augustino alikaa na mwanamke huyo mmoja tu.

Kisha kazi ikaanza kumwita juu. Mwaka 383 alikwenda Roma, na mwaka 384 akapata cheo cha ualimu wa ufasaha wa kusema huko Milano, mji wa makao ya mfalme wa Warumi. Akaanza kutumaini hata ugavana. Mtu wa cheo cha namna hiyo alihitaji mke wa ukoo wenye mali. Monika, aliyemfuata Milano, akashughulikia uchumba na msichana ambaye alihitaji bado miaka 2 afikie umri wa kuolewa. Mama wa mtoto akaonekana kizuizi. Akarudishwa Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, na kumwacha mtoto kwa baba yake.

Hapo Augustino akaumia sana. Akafanya nini? Hakuweza kungoja ile miaka 2, akamchukua mwanamke mwingine. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba dawa hiyo haikumfaa. Uchungu haukutoka, ulizidi kuingia ndani.

Uponyaji ulianza kwa njia nyingine. Alikuwa akisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi. Akamwendea padri mzee, Simpliciano, akamweleza mahangaiko yake. Mwezi Agosti 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa, alilia machozi mengi huku rafiki yake Alipio akiwa karibu. Akasikia sauti ya mtoto ikimhimiza asome, akafungua barua ya Mtume Paulo kwa Warumi, na moyo wake ukatulia. Mara hiyo akamweleza Alipio, kisha mama yake.

Hakuishia kwenye machozi. Uchumba aliuvunja. Likizo ya mavuno ya zabibu ilipofika, aliacha cheo chake, akaenda shambani Cassiciacum pamoja na mama yake, mwanawe, ndugu yake na marafiki. Usiku wa Pasaka 387 Ambrosi akambatiza, pamoja na Alipio na Adeodato.

Mwaka huo huo Monika alifariki Ostia, akiwa na miaka 56. Miaka michache baadaye Adeodato naye akafa, angali kijana. Augustino akawa padri huko Hippo mwaka 391, kisha askofu. Alipoandika kitabu cha Maungamo hakumtaja kwa jina yule mama wa mtoto wake. Na katika kitabu chake juu ya wema wa ndoa alimlaumu mwanamume anayeishi na mwanamke huku akingoja kupata mwingine wa hadhi yake. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Hippo ikiwa imezingirwa na Wavandali.

Ndugu msomaji, Augustino hakuwa na mke wa ndoa wa kurudia. Wewe unaye. Lakini njia aliyopitia ina mafundisho kwako.

Kwanza, usitafute mwingine wa kukufariji. Wala usimtumie mwenzako wa ndoa kama kitambaa cha kufungia kidonda asichokijua.

Pili, ondoka penye kishawishi. Augustino aliacha kazi. Wewe pengine huwezi, maana kodi ya nyumba haingoji. Basi omba kubadilishiwa zamu au idara, kunywa chai na kundi jingine, panda gari jingine, futa nambari ile kwenye simu. Mkilazimika kuongea, yawe mambo ya kazi tu, tena mbele za watu.

Tatu, usiubebe mzigo peke yako. Nenda kwenye kitubio. Mtafute padri au mtu mzima wa imani, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Kama mwenzako hajui, shauriana na padri namna ya kumwambia. Lakini jambo la afya lisifichwe: nendeni mkapimwe virusi vya Ukimwi, na msikutane kimwili kabla ya kupata majibu.

Nne, usimchafulie jina yule uliyeachana naye. Naye ana roho ya kuokoa. Na kama mtoto amezaliwa, mkumbuke Adeodato: baba yake hakumkana, alimlea na kubatizwa pamoja naye.

Nawe uliyekosewa, jeraha lako ni kubwa kuliko la mwenzako, tena hukulitafuta. Kusamehe hakukulazimishi kucheka kesho asubuhi. Una haki ya kuuliza, ya kulia na ya kupewa muda. Ila usiligeuze kosa hilo kuwa fimbo ya kila ugomvi wa pesa au wa watoto.

Msishangae kupona kukichelewa. Hata akiwa askofu, Augustino alikiri kwamba ndoto za maisha ya zamani bado zilimsumbua. Aliendelea kusali na kufanya kazi yake.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke:

1. Kwa siku, tunaongea dakika ngapi bila simu wala televisheni?
2. Je, kuna rafiki kazini anayejua siri za nyumba yetu kuliko mmoja wetu?
3. Ni kosa gani la zamani tulilosema tumesamehe, lakini bado tunalitaja?

Tarehe 27 Agosti Kanisa humkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe. Siku hizo mbili salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu kabla ya kulala.