Bildad Kaggia: Mfungwa wa Lokitaung aliyepewa kiti na Kandara, kisha akapokonywa

Ukitaja Nariokotome mbele ya mgeni, jambo la kwanza atakalokuuliza ni kuhusu yule mvulana wa kale. Si unajua, Agosti 1984 Kamoya Kimeu na wenzake walichimbua hapo mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja unusu iliyopita, na jina la kijiji likaingia kwenye vitabu vya dunia nzima.

Lakini hebu geuka kidogo. Ukiliacha ziwa nyuma yako na kupandisha kaskazini-magharibi kuelekea vilimani, utafika Lokitaung. Hapo pana historia nyingine, na hii haikuhitaji kuchimbuliwa. Ni jela walimofungwa watu ambao baadaye waligeuka wabunge, mawaziri na hata Rais. Leo nataka nikupigie gumzo kuhusu mmoja wao, ambaye huenda unamjua kwa jina tu: Bildad Kaggia.

Kaggia alizaliwa mwaka 1921. Alisoma shule ya misheni ya Kahuhia, Murang'a, na ingawa alikuwa na kichwa chepesi, karo ya kwenda mbele ilikosekana. Akawa karani wa serikali. Mwaka 1940 akajiunga na jeshi la Waingereza, akapelekwa Mashariki ya Kati na baadaye Uingereza kwenyewe.

Huko ndiko macho yalikofunguka. Aliona Mzungu naye ni maskini, anafagia na kubeba mizigo kama mtu mwingine. Aliporudi nyumbani 1946 hakuwa tena karani mtulivu. Aliasi kanisa la wamishonari na kuanzisha kundi lake la dini, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi Nairobi. Mwaka 1951, yeye na Fred Kubai walichukua uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, Kubai akiwa mwenyekiti na Kaggia katibu.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari na kuwakamata. Ndiyo, tarehe hiyohiyo unayopumzika kila mwaka kwa Sikukuu ya Mashujaa. Kaggia, Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Kubai, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko walishtakiwa Kapenguria, na Aprili 8, 1953 wakahukumiwa miaka saba jela na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, ingawa hakuachiliwa. Wale wengine wakaletwa Lokitaung.

Mbona Turkana? Kwa sababu mkoloni aliiona kuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kwa hivyo wakati wazee wako walikuwa wakichunga mbuzi na kuvua samaki bila kuulizwa lolote na serikali, wafungwa hawa walikuwa wakivunja mawe na kuchimba mashimo juani. Kenyatta alisamehewa kazi hiyo kwa umri wake, akawa mpishi wa wenzake.

Mwaka 1958 wafungwa wakapenyeza barua wakilalamikia hali yao, na gazeti la The Observer la London likaichapisha. Mwezi huohuo wa Juni, Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi, na kutamka kwamba hao walio jela ndio viongozi halisi wa watu. Kelele zilizopigwa ukumbini, acha tu! Lakini tazama kilichotokea hapo: watu wasio na kura, waliotupwa mahali pasipofikika, walipata mtu wa kuwasemea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kiti cha ubunge. Nadhani Kaggia hakuisahau.

Mwaka 1959 kifungo kiliisha, lakini badala ya kwenda nyumbani wakahamishiwa Lodwar na kuzuiliwa huko. Kaggia aliachiliwa 1961. Mei 1963, Kenya ilipopiga kura ya kuelekea uhuru, watu wa Kandara huko Murang'a walimchagua kuwa mbunge wao kwa tiketi ya KANU. Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na Kaggia akapewa cheo katika Wizara ya Elimu, sawa na kile kilichokuja kuitwa waziri msaidizi.

Kufikia hapo ungesema mambo yamenyooka. Gari lipo, mshahara upo, rafiki wa jela ndiye kiongozi wa nchi.

Basi Kaggia akaanza kuuliza maswali. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakigawanywa, lakini kwa kuuzwa. Mwenye pesa au mwenye uwezo wa kukopa alipata. Aliyeshinda msituni akipigana, au aliyerudi kutoka kizuizini akakuta shamba lake limekwenda, aliambiwa naye anunue. Maskwota walikuwa wakifukuzwa. Kaggia alisema waziwazi kwamba huko ni kuwasaliti waliopigania ardhi hiyo. Alionywa aache, hakuacha. Juni 1964 akapoteza cheo chake serikalini, akabaki mbunge wa kawaida wa Kandara.

Mwaka uliofuata, 1965, Kenyatta alifika Kandara kwenyewe. Mbele ya wapiga kura wa Kaggia, akamwuliza amejifanyia nini tangu watoke jela. Akamlinganisha na wenzao wa Lokitaung: Ngei amepanda kahawa, Kubai ana nyumba kubwa, Karumba ana mabasi yake. Wewe je?

Simama hapo kidogo, kijana mwenzangu, usilipite swali hilo haraka. Rais hakumwuliza mbunge amewafanyia nini watu wa Kandara. Alimwuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe. Ni kama kipimo cha kiongozi kilibadilishwa hadharani siku hiyo, umati ukitazama.

Machi 1966 KANU ilifanya mkutano mkuu Limuru na kuamua kuwa na makamu wa rais wa chama kutoka kila mkoa. Kura ikapigwa, na Kaggia akashinda kiti cha Mkoa wa Kati. Lakini haikupita hivyo. Kura ilirudiwa, na safari hii James Gichuru ndiye aliyetangazwa mshindi. Kaggia akaondoka, akaungana na Odinga katika chama kipya cha KPU, akiwa naibu wake.

Serikali haikulala. Katiba ilibadilishwa mbiombio ili mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura kuomba kiti upya. Ndipo ukaja ule uchaguzi mdogo mkubwa wa Juni 1966, viti 29 kwa mpigo. KPU ilinyimwa vibali vya mikutano, na redio ya taifa ilikuwa mikononi mwa serikali. Kandara, Taddeo Mwaura wa KANU akambwaga Kaggia. Miaka mitatu tu baada ya kupewa kiti, alikipoteza, na hakurudi Bungeni tena maishani mwake.

Je, Kandara walimkataa kwa hiari? Sidhani jibu ni jepesi. Uwanja haukuwa sawa, hilo ni wazi. Lakini pia weka miguu yako katika viatu vya mkulima wa wakati ule. Ameambiwa barabara, shule na mikopo viko upande wa serikali, na mbunge wake yuko upande mwingine. Utapigia kura ukweli au utapigia kura barabara? Usijibu haraka. Nawe swali hilo utaulizwa tu.

Mwaka 1968 Kaggia alifungwa tena, mara hii na serikali ya nchi huru, kwa kosa la kufanya mkutano bila kibali. Alihukumiwa mwaka mmoja, ukapunguzwa kwa rufaa hadi miezi sita. Mwaka 1969 alichoka, akarudi KANU. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na wana haki yao. Hakuwa malaika. Ila hakuna aliyeweza kusema alirudi akajitajirisha. Aliishi maisha ya kawaida, akiendesha mashine ya kusaga mahindi, hadi alipofariki Machi 2005. Kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, kilichotoka 1975, kinaishia 1963, mwaka ule ule Kandara walipomchagua.

Sasa turudi kwetu. Lokitaung na Nariokotome ziko katika eneobunge moja, Turkana Kaskazini. Hata Kakuma ilikuwa humo, mpaka Turkana Magharibi ilipoundwa kabla ya uchaguzi wa 2013. Wilaya iliyokuwa imefungwa kwa kibali leo ina viti sita vya wabunge wa maeneobunge, na kila kimoja kitagombewa 2027. Wagombea watakuja na magari yao, vumbi litatimka, na watu watahesabu magari hayo kabla ya kusikiliza neno lolote.

Ukijiandikisha kuwa mpiga kura, utapata nafasi ambayo Kaggia hakuwa nayo alipokuwa akivunja mawe hapo Lokitaung. Mgombea akisimama mbele yako, utamwuliza lipi: umejifanyia nini, au umetufanyia nini? Kandara walisukumwa wachague swali la kwanza. Wewe bado una nafasi ya kuuliza la pili.